Kamera ya Chumbani kwa Mama

Haya maneno sijawahi kuyasimulia nikiangalia mtu usoni, na hata leo mtanisamehe nikiangalia chini.

Mama yangu anaishi peke yake Kibirichia, ana presha, na mwaka huo alikuwa ameanguka mara mbili kwa shamba la viazi, nami kazi yangu iko Embu, kwa hivyo nikanunua kamera ndogo ya kuangalia wazee, ile inakuonyesha kila kitu kwa simu na hata ukiongea inatoa sauti yako. Nikaiweka juu ya kabati kwa chumba chake cha kulala (sebuleni ingetosha, najua, lakini niliogopa aanguke akitoka kitandani). Akaniuliza, "Mwenda, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni ya kuongeza netiweki. Nilijua nikisema ukweli atakataa.

Asubuhi moja nikiwa ofisini nikafungua simu, nikamwona amelala sakafuni, chali, na petikoti tu, hatikisiki. Nikapiga nduru, "Mama amekufa!" Wenzangu wote wakajaa kwa meza yangu, wanaume kwa wanawake, wakainamia hiyo simu. Nikampigia jirani yake Karambu, nikamwambia akimbie, mlango ukiwa umefungwa auvunje. Baada ya dakika chache tukasikia mlango ukivunjwa, tukawaona wakiingia, Karambu, mzee wa kanisa na wanaume wawili wametoka kulima, na Mama akashtuka, akaketi, akajifunika kifua na mikono. Kumbe alikuwa akifanya mazoezi ya mgongo aliyofunzwa kliniki, amefika pale pa kupumzika.

Hapo ningenyamaza. Lakini nikabonyeza pale pa kuongea nikasema, "Karambu, mfunike na leso!"

Sauti ikatoka juu ya kabati. Wote wakageuka. Mama akainua uso akaangalia ile kamera.

"Mwenda? Ni wewe uko huko?"

"Ni mimi, Mama."

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Kwa hivyo umekuwa ukiniona nikivaa."

Ofisini hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walirudi kwa viti vyao mmoja mmoja, na yule dada tunakaa naye meza moja akajifanya anatafuta faili.

Jumamosi nikaenda na fundi kurekebisha mlango. Mama alinipea chai nje, kwa kiti, kama mgeni, akasubiri ninywe nusu kikombe.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ya sebuleni ningekubali."

Siku hizi anavaa kifaa cha shingoni, cha kubonyeza mwenyewe akihitaji msaada, na ni yeye alikichagua. Nami nimeapa sitaweka tena jicho kwa nyumba ya mtu mzima bila ruhusa yake, hata awe aliyenizaa. Kuna siku nampigia na hashiki simu. Nazunguka hiyo ofisi nikiomba Mungu, jasho likinitoka, lakini nangoja.