Siku Soma Kwanza Alipobonyeza Ndiyo

Jina la Soma Kwanza alibandikwa kazini, na kama majina mengi ya kubandikwa, lilikuwa nusu sifa na nusu dhihaka. Mwenyewe alikuwa haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka tisa, ikamwachia masikio ambayo, kwa maelezo ya mkewe, yalisikia hata sufuria ikifunikwa kwa siri. Ujanani alikuwa mpokea simu wa kiwanda cha magodoro. Miaka sita alisema "subiri nakuunganisha," mpaka kiwanda kikanunua mtambo wa kujipokelea simu wenyewe, naye akaunganishwa na mlango.

Ndipo akaja kwenye karakana hii ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Ni chumba kirefu chenye madirisha matatu, moja halifunguki tangu lipakwe rangi. Mwisho wa chumba ipo mashine ya kugonga nukta, kubwa kama jokofu lililolazwa. Ikianza kazi, utadhani mtu anamwaga kokoto juu ya bati. Pembeni yake ipo kompyuta inayotumia mfumo uitwao Linux, na mwenye kuitunza ni yeye.

Watu huuliza, asiyeona anatunzaje kompyuta? Anatunza kwa kusikiliza. Kulikuwa na programu iliyosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sauti ya mwanamume aliyebanwa pua. Soma Kwanza alimwita Bwana Pua. Alimwongezea mwendo mwaka hadi mwaka, mpaka Bwana Pua akawa anasema kwa kasi ya dalali wa mnada anayewahi choo. Mgeni akisikia alidhani kuna nyuki ndani ya kopo. Soma Kwanza alisikia neno kwa neno, tena huku anakunywa chai.

Sasa, kwenye mfumo ule ukitaka programu mpya huendi dukani. Unaiandikia kompyuta mstari mmoja, nayo inakwenda kwenye ghala kuu huko mtandaoni na kukuletea kifurushi. Lakini kifurushi hakisafiri peke yake. Ni kama kuoa: umemtaka binti, ukifungua mlango unakuta na shangazi zake watatu, na mmoja kaja na godoro. Kuna vinavyokuja pamoja nacho, na kuna vilivyomo ndani tayari ambavyo haviwezi kukaa nacho nyumba moja, basi vinatolewa nje. Kwa uungwana wake, kompyuta hukusomea orodha yote kwanza: hawa wanaingia, hawa wanatoka, je, niendelee? Unajibu ndiyo au hapana.

Wenye macho hujibu ndiyo kama watu wanavyosema amina kwenye dua waliyoisinzia. Msimamizi wa karakana, mama mmoja mwenye haraka za kuzaliwa nazo, siku moja alitaka kuondoa mchezo wa karata aliouweka mwenyewe. Kidole kilikuwa kimeshashuka nusu.

"Soma kwanza!" alipiga kelele Soma Kwanza.

"Nisome nini? Naondoa karata tu."

"Karata, na printa ya ofisini, na saa ya kompyuta. Vyote vimo kwenye orodha. Unafukuza mpangaji mmoja, unabomoa na ukuta."

Msimamizi akasoma, akaenda kupika chai. Jina likapatikana siku hiyo.

Sauti yenyewe ya Bwana Pua haikutoka ghala kuu. Ghala kuu lina watunzaji wanaokagua kila kitu, lakini sauti ya Kiswahili cha kueleweka hawakuwa nayo. Ilikuwa kwenye ghala la pembeni, la mwalimu mstaafu wa nchi ya mbali, aliyetengeneza vifurushi nyumbani kwake kwa mapenzi tu. Kuchukua mali ya ghala la pembeni ni kama kula kwa jirani: chakula kinaweza kuwa kitamu kuliko cha kwenu, lakini jikoni kwake hujui kukoje. Kwa hiyo Soma Kwanza alikuwa amemfunga Bwana Pua kamba. Yaani aliiamuru kompyuta kwamba hata vitu vyote vikibadilishwa, huyu asiguswe. Miaka minne hakuguswa.

Kilichofungua kamba ile ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na neno lake juu ya ndoa ya binti yake, na alilisema kwa kila aliyekuwa na masikio. "Mwanangu kaolewa na mtu wa redio. Anashinda anasikiliza, jioni anarudi, anasema amechoka." Wiki ile alikuja mjini kutengenezewa miwani. Binti yake ni muuguzi na alikuwa na zamu ya asubuhi, na mama hakutaka kukaa peke yake akitazamana na kabati. Akasema, "Leo naenda kuiona hiyo kazi."

Na siku yenyewe ilikuwa mbaya kwa wageni. Watahiniwa kumi na wanne wa shule ya wasioona walikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake asubuhi. Karatasi zilirudishwa zisahihishwe, kwa sababu mtunzi, mwenye macho yake mawili, alikuwa ameandika pembetatu yenye pembe nne. Masahihisho yalifika asubuhi ile. Gari la shule lingekuja saa nane mchana. Msimamizi alikuwa kwenye kikao, simu amezima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hii ndiyo ofisi? Mbona hakuna meza ya mkubwa?"

"Mkubwa yuko kikaoni, mama. Karibu kiti."

Alikaa. Soma Kwanza akafungua kazi, na Bwana Pua akaanza kunguruma.

"Baba, huyo anagombana na nani?"

Hapo ndipo moyo ulipomponza. Alikuwa amesikia kwamba yule mwalimu mstaafu ametoa toleo jipya la sauti yake, sauti ya mama mtu mzima, laini, yenye adabu. Akawaza: dakika mbili tu. Mama mkwe asikie kompyuta inamwamkia kwa heshima, arudi kwao na habari nyingine. Mtihani ungesubiri dakika mbili. Akafungua kamba, akaandika mstari wake, na kompyuta ikaanza kusoma orodha ya wanaoingia na wanaotoka.

Mama mkwe naye akaanza orodha yake. "Fundi wa miwani aliniambia kesho. Kesho yenyewe nikamuuliza ya lini? Maana jana pia aliniambia kesho. Nikamwambia baba, mimi nimezaa sita, usinizungushe..."

Bwana Pua alikuwa anapita huku chini kwa kasi yake, jina baada ya jina, na juu yake ikipita habari ya miwani. Soma Kwanza aliinama, akasogeza sikio. Hakupata kitu. Angeweza kumwambia mtu yeyote duniani anyamaze. Hata msimamizi alinyamazishwa naye kila siku. Lakini mama mkwe! Ulimi uligoma kama punda kwenye daraja. Bwana Pua akafika mwisho na kuuliza: niendelee?

"...unanisikia, baba?"

"Nakusikia, mama," akasema, na kidole kikabonyeza ndiyo.

Kikawa kimya. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Kimya cha kisima. Bwana Pua alikuwa ameondoka, na huyo mama wa adabu, kama alifika, alifika bubu.

Akaandika kwa kukisia amri ya kugeuza mtihani kuwa nukta na kuupeleka kwenye mashine. Nyundo za mashine hazikusogea. Jasho likamtoka nyuma ya masikio. Aliyetolewa nje hakuwa Bwana Pua peke yake.

"Mama," alisema taratibu, "nisaidie macho. Hapo kwenye skrini pameandikwa nini?"

Mama mkwe akasogea mpaka pumzi yake ikagonga kioo. "Pameandikwa, lakini ni ukungu mtupu. Miwani iko kwa fundi, si nimekueleza muda wote? Naona rangi tu. Kuna mstari mwekundu."

"Mwekundu ni lawama. Maneno?"

"Baba, hata ungeandikwa urithi wangu hapo, nisingeujua."

Basi wakakaa wawili mbele ya skrini moja, wasiosoma wote. Simu ya Soma Kwanza ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupigiwa tu. Saa ya ukutani ikagonga nne na nusu. Mama mkwe, ambaye si mjinga, alianza kuelewa kwamba redio imeharibika na kwamba huenda naye alikuwa na mkono.

"Kwani hiyo mashine kubwa haisemi?" akauliza.

"Ile inagonga tu, ma..."

Akakwama katikati ya neno. Inagonga! Programu ya kugeuza maandishi ilikuwa imetoweka, sawa, lakini nyundo zilikuwepo. Ukizitupia herufi ghafi zitagonga herufi ghafi, bila mpangilio, maneno yakikatwa popote kama kuni. Herufi ni herufi. Akaiamuru kompyuta: daftari lako la mambo uliyoyafanya leo, usilionyeshe kwenye skrini, litupe kule kwenye mashine.

Mashine ikamwaga kokoto zake. Mama mkwe aliruka akashika kifua. Soma Kwanza akachana karatasi na kupitisha vidole.

"Ametolewa msomaji wa skrini. Ametolewa mgeuzaji wa nukta. Loo! Sauti mpya imekuja na kitabu chake kipya, yaani maelekezo ambayo programu zote huyategemea; hawa wa zamani hawakielewi, wakatupwa nje."

"Umeyajuaje?"

"Si yameandikwa hapa, mama."

Mama mkwe akaipapasa karatasi ile, akakuta vipele.

Dawa ya haraka ilikuwa kumrudisha Bwana Pua wa zamani, kwani kompyuta huweka akiba ya vifurushi vilivyokwisha kutumika. Lakini Soma Kwanza alikuwa mtu wa usafi, kila Ijumaa aliifagia akiba hiyo. Na mwalimu mstaafu huko kwake hakuweka ila toleo jipya. Ilibaki njia moja: kuachana na sauti za ghala la pembeni zote, kukitupa kile kitabu kipya, na kuwaita tena wa zamani kutoka ghala kuu.

Safari hii hakuandika amri ya kutenda. Ipo namna ya kuiambia kompyuta: nieleze ungefanya nini, ila usifanye. Akaitaka orodha hiyo, ikagongwa, ikatoka karatasi nne. Akaanza kusoma.

"Baba, ni saa tano na nusu. Si ubonyeze tu? Gari litakuja, watoto wa watu..."

"Mama."

"...maana mimi naona hapa panapepesa, panakungoja, na ukizidi kupapasa makaratasi..."

"Mama," alisema Soma Kwanza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine, "samahani sana. Naomba unyamaze kidogo."

Mama mkwe alifunga mdomo na hakuufungua. Soma Kwanza alisoma, uso unamwaka moto, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, mstari wa chini kabisa, kidole kikasimama. Ukikitupa kile kitabu, inasema orodha, basi na programu inayopanga kurasa na kuamrisha nyundo nayo inatoka. Angebonyeza ndiyo, hata nyundo zingekuwa bubu, na asingebaki na pa kusomea.

Hakukitupa. Alikirudisha kwenye toleo la zamani lililoko ghala kuu, ambalo kila mtu ndani ya nyumba alilizoea. Akaomba orodha tena, akaisoma tena yote, na mama mkwe akiwa kimya kama mtungi. Mgeni bubu atoke. Mgeuzaji aingie. Msomaji aingie. Mwingine hakuna. Ndiyo.

Msomaji wa skrini alirudi na sauti ya akiba ya ghala kuu, ya mzungu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alisoma "pembetatu" kama mtu aliyemeza mfupa. Lakini alisoma. Saa sita na robo karatasi ya kwanza ya hesabu ilitoka, Soma Kwanza akaipapasa, akahesabu pembe: tatu.

Saa nane dereva wa shule alipiga honi, akaingia akilalamika kwamba hana siku nzima. Mama mkwe alikuwa anafunga bahasha ya kumi na nne, ya mwisho. Zote alizifunga yeye, kimya tangu saa tano na nusu, akinyoosha kila karatasi asivunje vipele. Dereva akapewa bahasha kumi na nne, akaweka sahihi, akaondoka.

Soma Kwanza alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Mama, lile neno nililokwambia. Nimekosa. Nisamehe."

Mama mkwe alijipangusa vumbi la karatasi mikononi, akatafuta mkoba wake.

"Kosa lako ni moja, mkwe wangu," alisema. "Ungeninyamazisha saa nne, saa hizi tungekuwa tumeshakula."