Si Ra, Ni Le

Daftari lilinifikia Kitale likiwa limefungwa kwa kitenge. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa karibu na Kibabii, huko Bungoma, mjane wa mwalimu wa kwaya, na ndani mlikuwa na wimbo mmoja tu ambao mumewe aliutunga, umeandikwa kwa herufi za solfa: d ni do, r ni re, l ni la, na kuendelea. Mama hakujua kuzisoma na watoto wao hawakuimba. Aliogopa kwamba akifa, wimbo utaenda naye. Aliniomba mimi, mwalimu wa kinanda, niufanyie kitu cha kudumu, nami nikaahidi bila kusita.

Ilikuwa enzi ya simu za kwanza za mkononi, na mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyepasi mitihani yote ya muziki. Niliutungia muziki wa kinanda kwa ule mtindo wa kuchukua tuni moja na kuirudia, kila mara imebadilishwa: mara polepole, mara kama densi, mara kwa huzuni. Kilichonipendeza zaidi ni mwisho wa mstari wa kwanza, ambapo tuni iliruka juu hadi "la" wakati sikio lilitarajia ishuke. Nilimwona marehemu fundi hasa. Marudio yote saba niliyajenga juu ya mruko huo, mwaka mzima.

Kisha nikaenda Bungoma na kumpigia yule mama kwenye kinanda cha kanisa lao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni muziki mzuri sana, ila huyo si mzee wake. Nikamwomba aniimbie, naye akaimba kama mumewe alivyoifundisha kwaya, kwa majina ya solfa. Pale nilipokuwa naruka, yeye alishuka.

"Hapo si ra, mwalimu," akasema. "Ni le."

Nikafungua daftari. Kwingine kote marehemu aliandika re kwa r inavyotakiwa. Hapo tu kalamu ilifuata ulimi unaosema "le", akaweka l, nami nikaisoma "la". Nami niliyekulia Kitale, katika familia iliyohamia kutoka eneo la kati la Kenya, tukiwacheka watu wa Bungoma kwa kubadilisha r na l ilhali zetu pia zilikuwa na matatizo, sikuliona kosa hilo. Niliona aibu kweli. Nilipomweleza, mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, ikabidi nami nicheke.

Sikuyatupa yale saba. Niliongeza la nane mwishoni, wimbo wenyewe bila pambo lolote, ukishuka unapotakiwa kushuka, nikarudi Bungoma baada ya wiki chache. Kila niliporuka, mama alitikisa kichwa akitabasamu. Tulipofika la nane, aliinuka akaimba pamoja na kinanda, na kwenye noti ile sauti yake ilitangulia vidole vyangu.

"Sasa huyu ndiye yeye," akasema.

Nikamuuliza kama niyaondoe yale mengine, yaliyotokana na kosa langu. Akakataa katakata, akaketi tena na kukunja leso magotini.

"Hebu ludia toka mwanzo, mwalimu. Nataka nimngoje tena."