Kuku Mweupe na Nailoni ya Sofa

Nilimtambua baba mkwe kwa makalio. Msicheke bado, ngojeni niwasimulie.

Mimi ni fundi wa sofa. Na kama kuna kitu kinanipandisha presha, ni mtu kununua sofa nzuri halafu akaiacha na ile nailoni yake ya dukani, mwaka unaingia, mwaka unatoka.

Basi kwenye kundi moja la mapambo ya nyumba mtandaoni nikaandika: "Nailoni itolewe siku hiyohiyo sofa inapoingia ndani. Nukta."

Watu wakagonga like. Mara akatokea mmoja, picha yake kuku, jina lake Kuku Mweupe.

"Nailoni ni koti la mvua la sofa," akaandika.

"Kwani sebuleni kwako kunanyesha?"

Weee! Moto ukawaka. Sijapiga mswaki, niko naye. Nikimwekea picha ya sponji lililoota ukungu, ananiwekea sofa yake inavyong'aa. Mwisho uzalendo ukanishinda, nikamwita mfuniko wa sufuria. Naye akaniita domokaya.

Mchumba wangu alikuwa ananiambia, "Achana naye bwana. Ukishinda unapewa nini?"

"Nataka ukweli usimame!"

"Basi uache usimame, wewe njoo ukae ule."

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwao. Njiani mchumba akanionya: "Chochote utakachokikuta sebuleni, nyamaza. Baba akikukataa, mimi sina la kufanya."

Tukafika, nikaamkia kwa adabu zote. Mama akatukaribisha, kisha akaenda kukaa zake kwenye mkeka pembeni. Baba akanionyesha sofa.

Nikakaa.

KWARUUU!

Nailoni. Na kwa joto lile, nikanata palepale.

"Usishtuke, kijana," baba akasema huku akiipapasa. "Nailoni ni koti la mvua la sofa."

Maneno yaleyale ya Kuku Mweupe! Nikamtazama mchumba, naye macho kayatoa. Kumbe nailoni aliijua, ila hakujua kwamba baba yake ndiye kuku.

"Nasikia wewe ni fundi wa sofa," baba akaendelea. "Kuna domokaya mmoja ananisumbua huko mtandaoni. Hebu nipe jibu la kitaalamu. Itolewe au iachwe?"

Jamani, huku ukweli, huku mke. Ingekuwa wewe ungefanyaje?

"Iachwe, baba," nikasema. "Inatunza sana."

Nilitegemea atabasamu. Badala yake mzee akashusha pumzi, akatoa mkasi chini ya mto na kuuweka mezani.

"Basi. Nilikuwa nimepanga tuitoe leo. Nilikuwa nakungoja wewe fundi unihakikishie tu."

Kule mkekani mama akaacha kumimina chai.

"Baba watoto," akasema taratibu, "huyu ndiye anayetaka kumwoa mwanangu?"

Nikajua nimekwisha. Mchumba akanifinya. "Sema!"

"Baba, nisamehe. Itolewe. Yule domokaya ni mimi."

Hata nailoni haikulia, maana hakuna aliyethubutu kusogea.

"Wewe ndiye uliyeniita mfuniko wa sufuria?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi?"

"Wewe, baba. Shikamoo."

"Ulishaniamkia."

Mzee akaangua kicheko mpaka sofa yote ikalia kwaru kwaru. Kisha akanipa mkasi. "Haya, kata."

Nikakata kwa furaha, kichwa kikaanza kuvimba. "Kwa hiyo hoja zangu zilikuingia, baba?"

"Hoja zipi? Kila uliponiandikia nilitamani kuongeza nailoni ya pili juu ya ile." Akaelekeza kidevu mkekani. "Ni huyu mama yenu. Ilikuwa inamchoma miguu, akahamia chini. Hakunibishia hata neno. Jioni mimi huku juu, yeye kule. Sofa yote hii nakaa peke yangu."

Mama akainuka, akaja kukaa kando yake. Sofa haikutoa sauti. Nawaambia ukweli, machozi yalinilenga.

Posa ikakubaliwa. Tunarudi nyumbani, simu ikalia. Kuku Mweupe kaandika kundini: "Nailoni nimeitoa. Ila msidhani ni kwa sababu ya yule fundi."

Vidole vikaniwasha. Nikaandika jibu refu, lenye vipengele. Nikainua macho: mchumba ameshasogea kando, anatazama njia, hasemi kitu.

Nikafuta lote. Nikamsogelea.

Ndugu zangu mnaoshinda kwenye komenti mkibishana na watu msiowajua, hebu inueni macho kidogo. Angalieni nani nyumbani kwenu amehamia mkekani, na amenyamaza.

Na nailoni itolewe. Nukta.