Bibi Hakuulizwa Kwa Nini

Wiki iliyopita nilikaa mahakama ya mwanzo kama mzee wa baraza. Aliletwa bibi kizee, mjane, aliyehamishiwa kijiji cha Ujamaa akatoroka kurudi kwenye mahame, nyumbani kwake kwa zamani.

"Ulirudi, au hukurudi?" hakimu akamuuliza.

"Nilirudi, baba. Nani angefagia kaburi la mzee wangu? Huko kijijini nyumba zimepangwa mstari mzuri, lakini jioni hakuna anayenipigia hodi."

Hakimu, kijana mpole, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Bibi, sheria haiulizi kwa nini. Mimi sisemi ni nzuri wala mbaya. Nasema ipo."

"Na wewe mwenyewe, mwanangu, huulizi?"

Akavaa miwani, akanigeukia. "Mzee, maoni yako?"

Nilikuwa na mengi moyoni. Nikasema, "Kosa lipo." Ikaamriwa arudishwe kijijini siku ile ile.

Nje nilimkuta amekaa peke yake akingoja gari, ufagio wake mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesema kweli, baba," akajibu, akasogea kwenye benchi ili nikae. Sikukaa.

Nilirudi nyumbani kwangu Isevya kwa miguu. Hakimu hakudanganya, kosa lilikuwepo. Ila tangu siku ile, kila nikisali, namwomba Mungu siku yangu ikifika aniulize pia kwa nini. Halafu nakumbuka kwamba bibi alikuwa na jibu lake. Mimi nikiulizwa kwa nini sikukaa, sina.