Siku Niliyopanda Kivuko kwa Miguu Yangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Kamanga, mwanangu, nikiwa binti aliyeolewa juzi tu. Mume wangu, Masanja, aliinama mbele yangu ili anibebe mgongoni, anipandishe kivuko cha kwenda Mwanza. Tangu nitoke hospitali alikuwa akinibeba kila mahali, chooni, jikoni, hata kanisani, mpaka watu wakazoea.

Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umenipindukia wakati wa mavuno ya pamba, paja likavunjika. Nililazwa muda mrefu, mguu umefungiwa uzito wa kuunyoosha mfupa, hadi nikasahau ardhi ilivyo chini ya unyayo. Mfupa uliunga, namshukuru Mungu, lakini goti lilikakamaa na paja likanywea, likawa jembamba kama mkono.

Ndiyo maana tulikuwa tukivuka ziwa kwenda mazoezi ya viungo. Dada aliyenihudumia alikuwa na sauti ya upole, ila goti langu alilikunja huku nikilia. Akanifundisha kusimama na magongo.

"Hapa unatembea," aliniambia, "nyumbani unabebwa. Kazi yetu inaharibikia huko."

 Masanja hakuwa mbishi, alinipenda tu. Nikikunja uso kidogo, tayari ameshaninyanyua.

Asubuhi hiyo pale Kamanga tulikuwa na baba yake. Kwetu Wasukuma, baba mkwe na mkwewe hawazoeani. Mimi nilikuwa namwamkia kwa kupiga magoti, basi, na tangu nivunjike nilimwamkia nimekaa, roho ikiniuma. Alikuwa mzee mkimya. Lakini alipomwona mwanawe ameinama, alimshika bega.

"Simama, Masanja. Mwache apande mwenyewe."

"Baba, hawezi. Na kivuko kinaondoka."

"Utambeba mpaka lini? Huyu ni mke wako, si mtoto mchanga."

Mimi hakuniambia neno. Alinisogezea magongo, akageuza uso kutazama ziwa.

Nikaanza kupanda. Mlango wa kivuko, ule wa chuma unaoshushwa nchi kavu, ulikuwa umelowa matope. Honi ikalia. Akina mama wenye ndoo za dagaa walisimama nyuma yangu, na mfanyakazi mmoja akapaza sauti, "Mama, fanya haraka!"

"Ngoja," mzee akamjibu.

Nikiwa katikati, gongo liliteleza. Nikaanguka. Masanja aliruka kuja kunishika, baba yake akamzuia kwa mkono kifuani. Mwanangu, pale chini nilimchukia mzee yule. Nilishika chuma cha pembeni, nikajivuta, nikasimama. Nikafika ndani. Mama mmoja akanifuta matope kwa kanga yake. Masanja alisimama karibu, machozi yanamtoka, hajui aiweke wapi mikono yake.

Hakunibeba tena. Alitembea nami hatua kwa hatua, hata nilipochukua asubuhi nzima kufika kisimani. Magongo nikayaacha, nikabaki na fimbo. Goti halikurudi lote, na hata leo nachechemea. Lakini nililima, nikazaa, nikalea.

Masanja aliugua akafariki watoto wetu wakiwa bado wadogo. Siku ya mazishi nilitembea nyuma ya jeneza lake mpaka kaburini, bila kushikwa na mtu. Baba mkwe alikuja akasimama pembeni yangu. "Umefika, mwanangu," akasema. Lilikuwa neno la kwanza la faraja kunipa uso kwa uso, nami nililia kuliko nilivyolia kwa maumivu yoyote ya goti.

Leo pikipiki zinawavunja vijana wetu, na kiharusi kinawalaza wazee. Kwa hiyo nakuambia wewe unayemuuguza mtu: kaa karibu naye, mwelekezwe nyote wawili na mtaalamu wa mazoezi, lakini lile analoweza kulifanya, mwachie, hata kama moyo wako unauma kumtazama. Na wewe unayetoka hospitali, usidhani umemaliza kwa kuwa mfupa umeunga. Mazoezi yakiuma, lia, mwambie mtaalamu wako, kisha uendelee. Usiache kwenda.

Mungu atie nguvu magotini mwako, mwanangu. Akuamshe kila asubuhi ukiwa na hamu ya kusimama, na akuzeeshe ukiwa unatembea.