Kitambaa Kwenye Swichi

Nilipofika kwenye kabina nilikuta kitambaa changu kimekunjwa. Kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, kimewekwa kwenye kiti cha mlinzi kama nguo iliyoanuliwa kambani. Shefu, mkubwa wa timu yetu, alisimama kando anafuta masizi mikononi. Kabina yetu ni kinyumba cha matofali ambamo umeme wa mtaa unafungwa na kufunguliwa, na mlangoni mwake ulikuwa unatoka moshi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka nguzo ya umeme.

"Nilifikiri ni cha mtoto," akasema. "Nikaona kimekauka."

Wanaosimulia habari hii mtaani kwetu Kavimvira wanasema nilipiga kelele. Sikupiga. Nilichomoa ule mpini wa chuma unaowashia swichi, nikaufunga mgongoni kwa kitenge, pale anapokaa mtoto, nikaenda zangu. Bila mpini ule hakuna anayewasha kitu.

Niseme kitambaa kilikuwa nini, maana walionicheka wengi hawakujua.

Nilikuwa stajiere, mwanafunzi wa kazi, katika timu ya laini, wanaotengeneza nyaya za nguzoni. Nilikuwa nimemaliza sekondari upande wa umeme, msichana pekee darasani, na bila staji, yaani mafunzo ya kazini, iliyotiwa sahihi na shefu ile diploma ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyependa kutuambia habari za viwanda vya nyuklia vya ng'ambo. Hakuwahi kuviona, alivisoma tu. Lakini hakutuambia juu ya moto wa nyuklia wala mabomu yake. Alituambia juu ya kufuli. Huko, alisema, hata anayejifunza ana kufuli yake. Kabla ya kugusa mashine anaifungia swichi, anatia ufunguo mfukoni, na mkubwa wa kiwanda kizima hawezi kuifungua kwa niaba yake. Anayefunga ndiye anayefungua. Wavulana walitaka kujua mishahara ya huko. Mimi nilibaki na ile kufuli.

Mjini kwetu Uvira kufuli tulikuwa nazo zamani. Vita vilipopita mara ya kwanza ziliondoka pamoja na milango. Waya zenyewe zilikuwa zinakatwa huko nje ya mji, uwandani, zinayeyushwa kuwa sufuria. Nimepikia sufuria ya namna hiyo, na ninajua ilikotoka. Basi timu ikabuni desturi yake. Anayepanda nguzo anafunga kwanza kitambaa chekundu kwenye mpini wa swichi. Kitambaa kikiwapo, mtu yuko juu. Anakiondoa yeye mwenyewe akishashuka. Tuliishi hivyo, na hakuna aliyekufa.

Kisha vitambaa vyekundu vikaisha. Wanaume walichana mashati yao ya zamani. Mimi nilichana kitenge nilichombebea binti yangu, chenye maua ya manjano, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho. Nilimwonyesha shefu. Akatikisa kichwa kukubali, huku anaongea na mtu mwingine.

Mtoto nilikuwa naenda naye kazini. Baba yake alivuka mpaka siku watu walipokimbia, akabaki huko, na sina la kuongeza juu yake. Karibu na kabina kulikuwa na mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Yeye ndiye alikuwa ananishikia mtoto nikiwa juu, na mimi nilikuwa nanyonyesha nikishuka. Nguo za mtoto nilianika kwenye uzio wa kabina. Shefu alinung'unika kwamba nimegeuza kabina kuwa kambi ya wakimbizi. Nikamjibu kwamba mji mzima ni kambi ya wakimbizi, kabina ina nini cha pekee?

Siku ile tulikuwa tunaunga waya uliokatika karibu na njia ya mpaka, nguzo kadhaa mbali na kabina, nyuma ya nyumba. Nilifunga kitambaa changu. Juu nilifanya tulivyofundishwa: kabla ya kushika waya nikaunganisha nyaya zote tatu kwa kebo nene iliyoshuka mpaka kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Wengi wanairuka hatua hiyo kwa sababu kebo ni nzito na jua ni kali. Boliti zikapungua. Mwenzangu akaenda sokoni kutafuta nyingine, nikabaki juu peke yangu.

Shefu akamwona mwenzangu huko sokoni. Akaamua kwamba tumemaliza. Alikuwa amemwahidi mkubwa mmoja wa jeshi kwamba friji yake itapata umeme kabla ya chakula cha mchana, na mkubwa wa namna hiyo haambiwi ngoja. Shefu akaja kabina, akakuta nguo za mtoto uzioni na kitambaa cha mtoto kwenye mpini. Akakifungua. Akakikunja, kwa sababu ni mtu aliyelelewa vizuri. Akawasha.

Nilichosikia ni mlio kama bati linapasuliwa, na nguzo ikatetemeka chini ya miguu yangu. Umeme ulipita kwenye ile kebo nzito ukaingia ardhini, na fyuzi za kabina zikaruka. Nilikuwa nimeshika waya kwa mikono yote miwili. Chini, kwa mbali, nilimsikia binti yangu analia, nikawaza kwamba ni saa yake ya kunyonya. Sikuwaza kitu kingine.

Ndiyo maana nilipoambiwa kitambaa kimekauka, uvumilivu wangu uliisha.

Nilipompitia mtoto nikamweka mbele, chuma kikabaki mgongoni. Vijana wanaobadilisha pesa wakaanza.

"Mama, weye umezaa chuma?"

"Ndiyo," nikasema. "Kamefanana na baba yake. Hakasikii."

Walicheka mpaka nikakata kona.

Jioni shefu akaja kwetu. Mama yangu alimpa kiti kizuri. Alikuwa amebeba mchele wa mashamba ya Bwegera, mfuko mzima, na hakunywa maji kabla ya kuomba msamaha. Alisema ni shetani, alisema ni haraka, alisema hata yeye ana mabinti. Nadhani alikuwa anasema kweli. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mambo ya nyumba inaishia mu nyumba, binti yangu. Ukiandika kwa mkurugenzi, minye nitaweka sahihi namna gani kwa staji yako?"

Mama yangu akanitazama. Kwetu mtu akileta chakula na kuinamisha kichwa, neno limekwisha, na anayeendelea ndiye mbaya. Ninaiheshimu desturi hiyo. Lakini kesho yake nilikuwa napanda nguzo nyingine, na msamaha haufungi swichi.

Nikamwambia, "Papa, nimekusamehe. Kuandika nitaandika."

Nilimrudishia mpini palepale, maana mtaa haukuwa na kosa. Nikaenda naye, nikapanda kumalizia kazi na kuitoa ile kebo, na safari hii alisimama mwenyewe mbele ya swichi mpaka niliposhuka. Mchele tuliula. Kulipokucha nikapeleka bironi, ofisini kwa mkurugenzi, barua hii, na sekretari akaipiga muhuri huku anaguna.

"Kwa Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni stajiere wa timu ya laini. Umeme uliwashwa nikiwa juu ya nguzo nimeshika waya. Aliyewasha alitoa kitambaa changu akidhani ni nguo ya mtoto. Ninaamini alidhani hivyo, na hilo ndilo ninalolishtaki. Uhai wa mfanyakazi haufai kutegemea kitu ambacho mtu mwema anaweza kukikunja.

Siombi afukuzwe. Ninaomba kila anayepanda, stajiere pia, apewe kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo akae nao yeye. Ninaomba pia staji yangu itiwe sahihi kwa kazi niliyofanya, si kwa kunyamaza kwangu.

Mpaka kufuli zitakapokuja, nitapanda na mpini wa swichi mgongoni. Mtoto atakaa chini.

Ninaambatanisha kitambaa."