Mayday, Mara Tatu

Edah alipopangiwa zahanati ya Kizingitini, mamake kule Bomet alimuuliza jambo moja tu: "Barabara iko?" Haikuwapo. Miaka mitatu sasa, muuguzi huyu aliyeogopa hata bwawa la kunyweshea ng'ombe alikuwa amezungukwa na maji pande zote. Barua zake za kuomba uhamisho hazikujibiwa.

Kila walipokwenda Amu, mji wa Lamu, kuchukua chanjo, Hamdu, nahodha wa boti ya zahanati, alimfundisha kutumia redio ya boti ili woga umpungue.

"Ukiona mauti, Bi Edah, sema mayday mara tatu. Kisha jina la chombo, mahali tulipo, watu wangapi. Mashine ikizima na bahari imetulia, hiyo ni pan-pan. Mayday haichezewi."

"Kwani si Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi?"

"Baharini hakuna sikukuu."

Asubuhi moja ya Julai, wakirudi na chanjo, maji yalikuwa yamekupwa kwenye mlango mwembamba wa Mkanda, ikawabidi wapite nje, bahari kuu. Karibu na kisiwa cha Manda wimbi likaipiga boti ubavu. Hamdu, aliyekuwa nyuma kwenye mashine, akaanguka, kichwa kikagonga chuma, akalala kimya. Makasha ya chanjo yakateleza yakaziba mlango wa kijichumba cha redio alimokaa Edah. Akausukuma kwa bega, wapi! Maji yakaanza kuingia. Kupitia kioo alimwona Hamdu akipumua, naye hawezi kumfikia.

Akashika kipaza sauti, akabana kitufe. "Mayday, mayday, mayday! Boti ya zahanati, Subira! Nje ya Manda!"

Kimya. Akarudia, akarudia tena, kidole kimeng'ang'ania kitufe. Maji yakafika magotini. Hakuna aliyemjibu, kama zile barua.

Wimbi la pili likamtupa, kipaza sauti kikamponyoka. Papo hapo redio ikafoka kwa sauti ya kike: "Subira, achilia kitufe! Ukikibana hutusikii! Muko wangapi?"

"Wawili! Nahodha ameumia. Mimi nimefungika ndani!"

"Twaya kuwatoa, Bi. Ukisema, achilia."

Boti ya uokoaji ilipofika, maji yalikuwa kifuani. Makasha yakaondolewa, Edah akatoka akitambaa. Wakarudishwa Amu; Hamdu alishonwa nyuzi tisa, akapona.

Siku ya pili Edah alimtafuta mwenye sauti ile, Umulkheir, katika ofisi ndogo ya redio pale Amu. Akamuuliza maana ya neno lile, mayday.

"Asili yake Kifaransa: nisaidieni. Lilianza kwa marubani wa ndege, kisha meli zikalichukua."

"Mbona wasiseme tu nisaidieni?"

"Watu husema nisaidieni kwa mengi, Bi. Hili ni la roho kutoka."

Mchana ule boti ya abiria ya Kizingitini iling'oa nanga Edah amekaa kwenye ngazi za gati, miguu imegoma. Ya kesho yake pia ikamwacha. Siku ya tatu akapigiwa simu: kina mama wamejaa zahanati na watoto wao. Akapanda, akakaa nyuma palipo wazi, mbali na kila mlango, akafumba macho tangu Amu hadi Kizingitini.